Mbeba Hofu wa Nakiete

Mzee Msangi hakuwa na mke, hakuwa na meno ya juu, wala hamu ya chakula. Usingizi nao ulimtoroka tangu alipotia sahihi ya kubeba hofu ya bintiye Nakiete, fundi umeme katika nchi yenye vita. Ndiyo sheria: kampuni haimpeleki mtu huko mpaka ndugu mmoja aliye nyumbani aibebe hofu yake maadamu yu hai huko, ili yeye afanye kazi kwa utulivu.

Adhuhuri alimpigia Nakiete simu. Mabomu yalisikika simuni, karibu na bintiye.

"Umeanza tena, baba?" Nakiete alicheka. "Mwenzio niko juu ya nguzo, natafuna korosho."

"Shuka, mwanangu! Kimbia!"

"Nikimbie nini? Wenyeji wote wamekimbia. Waoga hao!"

Mzee akachukua karatasi, akaiandikia kampuni: "Mrudishieni binti yangu hofu yake leo hii. Asiyeogopa hajui kukimbia."

Alipokuwa akiilamba bahasha, hofu ikamtoka ghafla. Moyo ukatulia tuli, kama nyumba iliyohamwa. Alikaa kidogo akiusikiliza utulivu ule. Kisha akaifunga barua, akaenda kuiposti.