Mbuni Alivyopelekwa Langoni

Siku zile ndege walipofungua shule yao, Mwalimu Kanga alifundisha darasa la wadogo, na msaidizi wake alikuwa Mbuni, dume la miraba minne. Mbuni aliwafuta watoto makamasi na kuwabembeleza waliolilia mama zao. Saa ya uji, alivipepea vikombe kwa mabawa yake mpaka uji upoe.

Jogoo, aliyependa kusikika, akasimama kwenye kikao cha wazazi. "Dume zima kulea vifaranga! Huyo ana lake jambo. Kazi ya dume ni kulinda lango."

"Mayai ya wanangu niliyakalia mwenyewe usiku," Mbuni akajibu. "Ile ilikuwa kazi ya nani?"

"Langoni!" wazazi wakapiga kelele. Mbuni akaenda langoni.

Kesho yake uji ukagawiwa ukiwa wa moto. Kifaranga wa Jogoo akauonja, akaungua ulimi. Akachukua kikombe chake akampelekea Mbuni. Wenzake wakamfuata, mmoja mmoja, hadi darasa likabaki tupu. Mwalimu Kanga naye akabeba ubao wake, akautundika pale pale langoni, akaendelea na somo.

Mchana Jogoo alikuja kukagua, akakuta watoto wameziba njia. "Nani kahamishia darasa hapa?" akawika.

Mwanawe akainua kichwa kutoka ubavuni mwa Mbuni.

"Baba, punguza sauti, tunasoma. Na ukitaka kupita, mwombe mlinzi uliyemweka."