Pimbi na Wimbi Lake

Mdogo wa mwili, mkubwa wa sauti: ndivyo alivyokuwa Pimbi, mpiga mbiu wa bonde. Moto ulipoteketeza milima ya jirani, alipanda mwambani akaona vumbi kwa mbali. Angeweza kusema, "Majirani wanakuja." Aliona maneno hayo hayana uzito, akapaza sauti: "Wimbi! Wimbi linatujia!"

"Wimbi huzuiwa kwa ukuta," alisema Nyati, mkubwa wa bonde, na kabla ya adhuhuri njia ilikuwa imezibwa kwa miiba. Wanyama wakampigia Pimbi makofi, naye akavimba kichwa.

Kisha akashuka kwenda kulitazama wimbi lake. Nyuma ya miiba aliwaona swala wakichechemea kwa kwato zilizoungua, na katikati yao, shangazi yake aliyemlea.

"Mwanangu, tufungulie," shangazi alisema. "Tunataka maji tu."

Pimbi alirudi mbio, sauti imemkauka. "Mzee Nyati, fungua! Shangazi yangu yuko pale!"

Nyati akamtazama kwa upole.

"Kapumzike, Pimbi, umechoka. Tangu lini wimbi likawa na shangazi?"