Nyuzi Zilizolegezwa

Mwanaheri alipofika pale wimbo unapopanda juu, sauti ilimkwama tena mbele ya maikrofoni. Bendi yao ya roki ilikuwa imerudiana baada ya miaka mingi ya kutosemezana, na bila wimbo huu hapangekuwa na albamu.

Pale studio, Kombo, mpiga gita aliyewahi kuapa kwamba hatapiga naye tena, aliinama akaanza kulegeza nyuzi za gita lake, mmoja baada ya mwingine. Mwanaheri akamsogelea. Hivi ndivyo alivyofanya Kombo siku ile alipowaacha.

"Unafungasha, Kombo?"

"Nifungashe niende wapi, dada? Gita hili limezeeka, halistahimili nyuzi kukazwa." Akamgeukia mpiga besi. "Faki, shusha na wewe. Tupige chini kidogo, tumhurumie huyu mzee."

Faki akacheka, akashusha.

Mwanaheri akalitazama lile gita. Lilikuwa jipya, kikaratasi cha dukani kingali kinaning'inia shingoni.

Taa nyekundu ya kurekodi ikawaka. Kombo akaanza kupiga, taratibu, akimngoja, naye Mwanaheri akasogeza mdomo kwenye maikrofoni.