Mtihani wa Sauti

Ulinzi wa simu na kompyuta za maduka madogo ulikuwa mikononi mwa wanafunzi wa chuo kikuu. Mara moja kwa mwaka walikupima: walikupigia simu kwa sauti ya kuiga ya mtu wako wa karibu, wakaomba uwafungulie kitu. Ukidanganyika, duka linafungwa.

Mgaya, muuza rangi mjini Njombe, alijua wiki yake imefika. Kwa hiyo asubuhi mama yake alipopiga, akisema huku akikohoa kwamba upepo umebamiza mlango wa nyumbani ukajifunga naye yuko nje, amfungulie kwa simu kama kawaida, Mgaya alicheka.

"Kikohozi mmekipatia. Ila mama yangu hatoki nje siku ya mvua."

"Mgaya, baba, nalowa."

Akakata simu, akaagiza chai.

Mchana alipita Atupele, mwanafunzi aliyepangiwa duka lake, akikung'uta mwavuli.

"Mmeshindwa, binti," Mgaya alimwambia. "Mimi si mtoto wa jana."

"Kwako bado, mzee. Leo tulikuwa kwa fundi saa."

Mgaya aliufungua mlango wa nyumbani kwa simu, kisha akampigia mama yake.

"Mama, ni mimi. Uko wapi?"

"Kwa jirani, najikausha," alijibu kwa upole, kama anavyowajibu wageni. "Lakini nyie vijana wa chuo, sasa basi. Asubuhi nimempigia Mgaya, akapokea mmoja wenu. Sauti mliipatia kabisa. Ila mwanangu hawezi kuniacha mvuani."

Mgaya hakubisha.