Fundo la Baba

Kwenye darubini yangu ya zamani, tumbusi wanne walionekana wakitua kando ya mzoga wa mbuzi, ng'ambo ya mbuga. Ni hao niliorudi Usoke na shahada yangu kuwalinda.

"Jaribu na hiyo darubini mpya uliyoazima," Baba alisema. "Au ni ghali tu, haioni kitu?"

Nilicheka. Ilikuwa nyepesi, na gurudumu lake la kulenga lilitii kidole kimoja. Niliipima kwa mzinga wa nyuki uliotundikwa juu ya mti wa mninga, nikaisoma alama ya ukoo wetu iliyochongwa juu yake, hata ufa wa gome.

"Baba, inaona kila kitu!"

Nikaishusha kwenye mzoga. Nyama ilikuwa imenyunyiziwa chembe za buluu, ile sumu ya wadudu tunayotumia kwenye tumbaku. Mguu wa mbuzi ulikuwa umefungwa kamba kwa fundo ambalo Baba peke yake hulifunga.

"Baba, lile fundo..."

"Nilimtegea fisi, Julieth. Fisi tu."

Tumbusi wa kwanza aliinamisha shingo.

Niliposhusha darubini, Baba alikuwa ameshavua kofia, anawakimbilia tumbusi akipiga kelele, na mbuga ilikuwa pana.