Vishimo Mia Nne

Kidole gumba cha Emile kilipita tena juu ya chuma, polepole, kikitafuta vishimo. Hakikukuta hata kimoja.

Vilikuwa mia nne, vidogo kama punje za ulezi. Alivipiga mwenyewe kwenye beringi ya biti ya kuchimbia visima, kimoja kimoja, kabla mtoto wa jicho hajamtia ukungu. Humo ndimo grisi ilimobaki. Bila vishimo, chuma kingetafuna chuma huko chini mwambani.

"Niliona kutu imekula, fundi," alisema mlinzi wa karakana, askari mstaafu ambaye buti zake bado ziling'aa kama za gwaride. "Nikasugua na msasa tangu asubuhi. Macho yako imechoka, nikasema nikusaidie."

Vidole vya mlinzi vilikuwa vimechunika, vinatoka damu; tone moja lilikuwa limeangukia beringi.

Nje, kwenye barabara ya Kisugu, lori la wachimbaji wa visima lilipiga honi, likiisubiri beringi. Huko liendako, watu walikunywa maji ya dimbwi moja na ng'ombe.

Emile akashika nyundo na msumari wa chuma, akalenga kupiga kishimo upya. Ncha ikateleza, ikachoma meza.

"Iko sawa, fundi?"

Emile akaifuta ile damu kwenye beringi.

"Inang'aa, afande," akasema, akaanza kupaka grisi.