Glasi ya Maji Meupe

Mtaro wa kiwanda cha nguo, uliokuwa mwekundu kwa rangi miaka nenda miaka rudi, asubuhi ile ulitiririsha maji meupe, maangavu. Glasi iliyotekwa humo ilikuwa mkononi mwa Bi Nyamvua, na mtaa mzima ukimtazama.

"Dawa tuliyotia ni chuma na majani ya mpera tu, mama," alisema mtaalamu aliyeletwa na kiwanda kuyasafisha maji. "Chembe ndogo, jicho halizioni. Ndizo zinazokamata rangi."

"Onja, bibi, wenzio watulie roho," meneja wa kiwanda alihimiza huku akicheka.

Bi Nyamvua hakuipeleka glasi mdomoni. Mwaka ule wa kiwanda walipomwaga chokaa mtaroni, wakisema maji yamekuwa salama, walicheka hivihivi, na yeye ndiye aliyeosha maiti tisa za walioyanywa. Angalau siku zile wekundu uliwaonya wengine. Haya akiyanywa, kesho kila nyumba itayateka.

"Na hizo chembe, mwanangu, zimekwenda wapi?"

"Tumezinasa kwa sumaku. Nyingi."

"Nyingi, si zote?"



Bi Nyamvua alimnyooshea meneja glasi. "Kwetu mwenye chungu ndiye anayeanza kuonja, baba."

Kicheko kilikatika. Nyuma yao, mwanamke mmoja alikuwa ameshainama mtaroni, anajaza ndoo.